Bando Ambalo Masunga Hakulinunua

Kila asubuhi Nyanzala akitoka kukamua ng'ombe, kitu cha kwanza kumchoma macho kilikuwa sola ya mke mwenzie.

Sola ilikuwa juu ya bati la nyumba ya Kashinje. Jua likichomoza tu, inawaka. Nyanzala anainama, anakamua, lakini hata akiwa ameinama anajua iko pale.

"Na ipasuke," anasema moyoni. Halafu anajisuta. Ikipasuka, watoto watasomea nini? Anakamua kidogo, halafu anasema tena, "Na ipasuke tu!"

Wivu, jamani! Wivu hauna adabu. Unaamka na mtu, unakwenda naye shambani, unarudi naye nyumbani, na chakula unamharibia.

Nyanzala alikuwa mke mkubwa wa Masunga. Walihama wote kutoka kaskazini, yeye, mumewe na ng'ombe wao, mpaka huku Mpimbwe. Walifyeka pori. Walilima mpunga. Wakajenga mji wao nje kidogo ya Majimoto. Kashinje aliolewa baadaye, akakuta pori limeshakuwa shamba. Nyanzala hakulisahau hilo hata siku moja.

Kwao kila mke ana ng'ombe wa nyumba yake. Zizi ni moja, lakini kila mtu anawajua wa kwake. Masunga alipotaka kununua sola, alimuuza maksai mwekundu mwenye baka usoni. Maksai huyo alikuwa wa nyumba ya Nyanzala! Halafu sola akaifunga kwa Kashinje, kwa sababu nyumba ya Kashinje ina bati na ya Nyanzala bado ni ya nyasi.

"Sola ni ya mji mzima," Masunga alisema. "Nyasi haziwezi kuibeba. Nikikujengea ya bati, nitaihamishia kwako."

"Maksai wangu, mwanga wake," Nyanzala alijibu. "Haya, baba Lucia. Nimesikia."

Hakusikia kitu. Alinuna mpaka ugali ukawa mchungu mdomoni mwa Masunga. Mwishowe mzee wa watu akaenda mjini Mpanda, akarudi na simu ya tachi, akampa. Nyanzala akatabasamu kidogo.

Simu ilikuwa yake kwa jina tu. Kusoma alikuwa anasoma kwa kubahatisha. Aliyeitumia ni Lucia, binti yake wa miaka kumi na mitatu, mwanafunzi wa darasa la saba. Lucia ndiye aliyejua kufungua wasapu na kutafuta nyimbo.

"Dada, leteni simu huku mchaji," Kashinje aliita siku ya kwanza. Alimwita Nyanzala dada, kama mke mdogo anavyotakiwa. "Sola inatosha nyumba zote."

"Afadhali izime," Nyanzala alisema.

Basi simu ikawa inapelekwa sokoni Majimoto, kwenye kibanda cha kuchajisha cha Ezekia.

Ezekia alikuwa mtu wa makamo. Shati safi, sauti ya upole, heshima nyingi. Nyanzala akienda kuuza maziwa, anapitia pale. Anavutiwa kiti.

"Karibu, mama Lucia. Iache simu wazi hivyo hivyo, usiifunge na paswedi. Nataka nione chaji inavyoingia."

Hapo msomaji simama kidogo. Chaji inaonekana hata simu ikiwa imefungwa. Lakini Nyanzala hakulijua hilo. Aliiacha wazi, na picha za binti yake ndani, na namba yake, na kila kitu.

"Ni shilingi ngapi?" aliuliza.

"Wewe hulipi hapa," Ezekia alisema. "Mama anayelea mtoto vizuri hivi anasaidiwa. Lucia ana adabu sana. Si kama watoto wa nyumba nyingine."

"Nyumba nyingine ipi?" Nyanzala aliuliza, ingawa moyo ulikuwa umeshaanza kucheza.

"Ah, mimi sisemi kitu. Ila watu tunaona."

Mtu mwenye wivu ukimwambia hivyo, umempa sukari. Kuanzia siku hiyo Nyanzala akawa anakaa pale kila siku ya maziwa, anasema yote. Ya maksai alisema. Ya sola alisema. Siku moja akasema na lile ambalo hakuwahi kumwambia mtu, hata dada yake wa tumbo moja.

"Jioni nasimama nyuma ya ukuta wake," alisema. "Pale kwenye mitungi ya maji. Nasikiliza redio yake. Nasikiliza Masunga anacheka nini mle ndani." Alicheka, lakini machozi yalimtoka. "Mimi mke mkubwa mzima! Usimwambie mtu, Ezekia."

"Mimi? Mdomo wangu una kufuli," Ezekia alisema.

Haikuchukua muda, Lucia akaja jikoni na simu mkononi.

"Mama, kuna bando limeingia."

Nyanzala akaacha kusonga ugali. Bando? Nani angemwekea bando kama si Masunga? Mwanaume asiyejua kusema neno zuri hata kwa dawa, kumbe maneno yake anayatuma kwa simu! Hakumwuliza. Aliona akimwuliza ataharibu utamu.

Bando likiisha, linaingia jingine. Siku moja kwenye pampu ya maji Nyanzala hakuweza kuvumilia.

"Baba Lucia siku hizi ananiwekea bando," alisema kwa sauti, huku anapampu. "Halijaisha vizuri, ameshaweka tena. Mwanaume akipenda, anapenda bwana!"

Kashinje alikuwa anajitwisha ndoo. Ndoo ikayumba, maji yakamwagika mgongoni kwake. Nyanzala alirudi nyumbani anaimba.

Lucia, wakati huo, alikuwa haimbi. Mtoto aliyekuwa anacheka na kuku na mbwa alianza kukaa peke yake nyuma ya ghala la mpunga. Simu ilikuwa haimtoki mkononi. Ukimwita anashtuka. Siku nyingine anacheka na simu, siku nyingine macho mekundu. Mwalimu alisema alama zake za hesabu zimeshuka. Nyanzala aliyaona hayo yote, lakini aliyaona kwa pembeni. Macho yake yalikuwa kwenye bati la mwenzie.

Kashinje naye ni mwanamke. Lile neno la bando lilimuuma. Alimkalia Masunga kooni.

"Kwa nini unamwekea dada bando, mimi huniwekei?"

"Bando gani?" Masunga alishangaa. Akatoa simu yake, kitochi kilichofungwa na mpira. "Mimi na hiki? Bando lenyewe sijui linawekwaje."

Kwanza Kashinje alifurahi. Kumbe mwenzie anajisifia bure! Alitaka acheke. Halafu kicheko kikamkwama. Kama si Masunga, ni nani? Nani anaweka bando kwenye simu inayokaa na mtoto?

Alimkuta Nyanzala anaanika mpunga kwenye turubai.

"Dada, nisamehe. Lile bando baba Lucia hakununua."

Nyanzala akanyoosha mgongo. "Umekwenda kumwuliza mume wangu?"

"Mume wetu. Nimemwuliza. Hakununua, dada. Kuna mtu mwingine. Na Lucia nimemwona nyuma ya ghala analia na simu. Nilipomsogelea akaificha kwenye gauni. Yule Theopista wa ofisi ya kata, aliyekuja mkutano wa wazazi, alituambia..."

"Usiniletee mkutano wako!" Mkutano huo Nyanzala hakwenda kwa sababu moja tu. Kashinje alikwenda. "Nilijua ungekuja. Nilipokwambia bando, ulimwaga maji. Wivu!"

"Ni kweli niliona wivu. Lakini hili si wivu."

"Umechukua mume, umechukua maksai wangu, sasa unamtaka na binti yangu? Mungu hajakupa binti, ndiyo unitafutie wa kwangu ubaya?"

Kashinje alikuwa na watoto wa kiume tu, na binti alimtamani kwa muda mrefu. Nyanzala mwenyewe alijua amepita mpaka, ila hakurudi nyuma.

"Nitukane, dada," Kashinje alisema. "Lakini mwulize mtoto."

Alimwuliza. Alimwulizia mlangoni, ungo mkononi, kwa haraka.

"Nani anakuandikia kwenye simu?"

Lucia alishtuka. "Dada Hadia, mama. Ni fundi cherehani wa Mpanda mjini, karibu na stesheni. Ananisaidia masomo. Anasema nikifaulu atanishonea sare ya sekondari."

"Ni mwanamke?"

"Mwanamke, mama."

Basi! Nyanzala alitoa pumzi. Mwanamke mwenye moyo mzuri amempenda mwanawe. Hakuuliza walijuana wapi. Hakuuliza kama sauti ya huyo Hadia imewahi kusikika. Alichotaka kujua ni kimoja tu, kwamba Kashinje amekosea.

Kesho yake alipeleka habari kibandani.

"Hebu sikia, Ezekia. Mwenzangu anasema eti kuna mtu anamwandikia mwanangu."

Ezekia alikuwa anapangusa waya. Mkono ukasimama, halafu ukaendelea. "Wake wenza hao! Anaitaka simu yenu, mama Lucia. Usimpe mtu aisome. Simu ni siri ya mwenyewe."

"Ndivyo nilivyosema," Nyanzala alisema. Akaondoka ameshiba maneno.

Lakini Kashinje hakukaa na tusi lake nyumbani. Alikwenda kwenye ofisi ya kata, kwa Theopista, afisa maendeleo ya jamii. Alimweleza yote, bando, ghala, machozi. Jumamosi asubuhi pikipiki ikaingia uwanjani. Theopista mbele, Kashinje nyuma.

Nyanzala alipomwona Kashinje juu ya pikipiki, damu ilimchemka.

"Mwangaluka, mayu," Theopista alisalimia kwa Kisukuma. Alikuwa Mfipa, lakini salamu za watu alizijua. Ndiyo "umeamkaje, mama."

"Mwangaluka," Nyanzala alijibu, uso umekunjwa. "Umekuja kunikamata?"

"Sijaja kumkamata mtu. Wala simu siichukui. Naomba tukae na Lucia, na nyie wazazi wake. Baba yupo?"

Masunga aliitwa kutoka zizini. Walikaa jikoni kwa Nyanzala, maana kwa Kashinje alikataa kukanyaga. Lucia aliletwa. Aliishika simu kwa mikono miwili.

Theopista hakumwambia lete simu. Alisema, "Lucia, kabla hujasema lolote, nisikilize. Hujakosa. Kama umemjibu mtu, hujakosa. Hata kama umemtumia kitu ambacho sasa unakijutia, bado wewe si mwenye kosa. Mwenye kosa ni mtu mzima anayemchezea mtoto. Hapa hakuna atakayekupiga. Si ndiyo, baba?"

"Hakuna," Masunga alisema.

Lucia aliangalia chini. Halafu kilio kikatoka, kile cha mtoto mdogo kabisa.

"Alisema nikimwambia mtu, baba atamwacha mama."



Maneno yakaanza kutoka moja moja. Hadia alianza kwa salamu na hesabu. Akatuma bando. Akamsifia. Akasema yeye na Lucia wana siri yao, na kila meseji ifutwe ikishasomwa. Lucia alifuta nyingi, lakini si zote. Akaomba picha ya Lucia na sare. Lucia akatuma. Halafu akaomba picha nyingine, ya aibu, ambayo hakuna mtoto anayepaswa kuombwa. Lucia alikataa.

"Akabadilika," Lucia alisema. "Akasema atatangaza kwamba mimi ndiye niliyeanza. Akasema nikitaka ayaache, Alhamisi niende mnadani. Kaka yake atanichukua, anipeleke chumbani kupimwa sare. Niende peke yangu."

Mnada ulikuwa Alhamisi hiyo iliyokuwa inakuja.

"Sauti yake umewahi kuisikia?" Theopista aliuliza.

"Hapana. Anasema maiki ya simu yake imeharibika."

"Na uso?"

"Picha tu."

"Picha ya mwanamke mzuri mtu yeyote anaichukua mtandaoni, anajibandika," Theopista alisema. "Anayekataa kusikika na kuonekana, ana anachoficha. Huyu anaweza kuwa mwanaume. Anaweza kuwa mbali, au hapa hapa. Lucia, unakubali nisome moja kwa sauti?"

Lucia aliitikia kwa kichwa. Theopista akasoma taratibu:

"'Mimi ndiye ninayekuelewa. Mama yako hana muda na wewe, anawaza mke mwenzie tu. Jioni anasimama nyuma ya ukuta, pale kwenye mitungi, anasikiliza baba yako anacheka nini. Wewe huna mtu ila mimi.'"

Theopista akashusha simu. 

Masunga ndiye aliyecheka. "Mwongo mkubwa! Nani asimame kwenye mitungi? Mnaona sasa? Anabuni tu."

"Inawezekana," Theopista alisema. "Watu hawa hubuni sana. Tatizo ni kwamba jina hatuna, na Alhamisi si mbali."

Kashinje hakucheka. Aliangalia mikono yake.

Na Nyanzala? Nyanzala alikuwa anaungua.  Akinyamaza, hakuna atakayejua. Masunga ameshasema ni uongo. Yatapita. Ataendelea kuwa mke mkubwa, mwenye kichwa juu, na Kashinje hatapata la kumchekea kwenye pampu ya maji. Akisema, basi ameisha. Atasema mbele ya nani? Mbele ya Kashinje huyo huyo! Wivu ulimwambia, nyamaza, nyamaza, nyamaza.

Aliinua macho. Lucia alikuwa anamwangalia.

"Mama, ni kweli unasimama pale?"

"Ni kweli," Nyanzala alisema.

Masunga akaacha kucheka.

"Habuni huyo. Nasimama nyuma ya ukuta wa Kashinje. Nasikiliza redio, nasikiliza mnavyocheka. Nimesimama pale hata mvua ikininyeshea. Haya, nimesema. Nichekeni. Lakini duniani nilimwambia mtu mmoja tu. Ezekia wa kuchajisha simu. Maneno hayo ni ya mdomo wangu, kama nilivyoyasema kibandani, na mitungi yake. Hadia ni Ezekia."

Hakuna aliyecheka. Masunga aliruka, akashika fimbo yake ya kuchungia.

"Namwua leo!"

"Kaa, baba," Theopista alisema, na alisema kama mtu aliyezoea kuona fimbo zikiinuliwa. "Ukimpiga, wewe ndiye utakayelala mahabusu, na yeye atapata nafasi ya kufuta kila kitu. Ukimtukana kwa simu, atakimbia. Meseji zisifutwe hata moja. Asijibiwe. Asijue kwamba tunajua. Tunakwenda polisi sasa hivi, Dawati la Jinsia na Watoto. Kazi yao ndiyo hiyo."

"Alinisifia," Nyanzala alisema polepole. "Alisema najua kulea. Chaji hata hakunitoza."

"Ndivyo wanavyofanya. Mara nyingi wanaanza na mzazi. Wanamzoea, wanamsaidia, wanamsikiliza shida zake. Mzazi akishawaamini, mtoto hawezi kuwashtaki. Halafu wanamtafuta mtoto kwa kile anachokikosa nyumbani. Anayekosa kusikilizwa, wanamsikiliza. Mwisho wanamtenga, ili abaki na wao tu." Theopista alimgeukia Lucia. "Na mtoto akiwa peke yake, hata hajui aanzie wapi kusema, kuna namba 116. Unapiga bure. Wako watu wa kuwasikiliza watoto."

Nyanzala alivaa kanga yake ya kutokea. Fundo likakataa. Kashinje akasogea, akamfungia. Nyanzala alimwachia afunge.

Kituoni askari mmoja wa kike alimpokea Lucia kwa upole. Alimwuliza kwenye chumba tulivu, mama yake akiwa kando. Hakumwuliza kwa nini ulijibu. Alimwuliza nini kilitokea. Nyanzala naye alitoa maelezo, ukuta, mitungi na yote. Ukishasema mara moja jikoni, mara ya pili inakuwa nyepesi.

Ezekia alikamatwa kibandani kwake kabla ya Alhamisi, waya mkononi. Kwenye simu yake lilikutwa jina la Hadia, na majina mengine ya kike, na namba za mabinti wengine ambao simu za nyumbani kwao zilichajishwa pale wazi, bila paswedi. Wengine walikuwa wameumizwa kuliko Lucia. Nyanzala aliposikia hivyo alikaa chini pale pale, akalia kwa ajili ya watoto asiowajua.

Wiki hazikupita nyingi, ndugu za Ezekia wakaja na mtamba mzuri mweusi, kamba shingoni.

"Tuyamalize kinyumbani," mkubwa wao alisema. "Mtoto hakuguswa. Mtamba huyu ni wa nyumba ya mama Lucia. Kesi mkaifute."

Masunga alimwangalia mkewe. Huyu ndiye mwanamke aliyemlilia maksai mmoja mpaka nyumba nzima ikakosa raha. Mtamba alikuwa amenona kweli. Nyanzala alimwangalia, pembe mpaka mkia.

"Mrudisheni kwenu," alisema. "Mwanangu si maksai wa kuuzwa. Na wale mabinti wengine, nao mtawapelekea ng'ombe? Leo tukila mtamba, kesho atafungua kibanda kijiji kingine."

"Mmesikia," Masunga alisema. Akawafungulia lango.

Kesi ilikwenda mahakamani. Nyanzala alitoa ushahidi, na alipofika kwenye mitungi, kuna mtu nyuma alicheka. Nyanzala hakugeuka. Ezekia alifungwa. Lucia alizungumza na mnasihi mara kadhaa, na pole pole kicheko chake kikarudi, kwanza kwa kuku, halafu kwa watu. Hesabu nazo zikapanda.

Nyumbani kwa Masunga mambo yalibadilika. Simu ilitiwa paswedi, na wazazi wote wanaijua. Inachajiwa kwenye sola, nyumbani. Lucia anaitumia uwanjani, mbele za watu, si nyuma ya ghala. Bando likiingia, lazima ijulikane nani kalinunua. Mtu asiyejulikana akiandika, hajibiwi, anaonyeshwa mtu mzima. Na Nyanzala siku hizi anamaliza kazi, anakaa na binti yake, anamwuliza habari za shule na kusubiri jibu. Mkutano wa wazazi haukosi. Anakwenda na Kashinje, kila mmoja akitaka kukaa mbele.

Wivu umeisha? Nani kasema! Sola bado iko kwenye bati la Kashinje, na asubuhi bado inamchoma macho. Ila siku moja jioni Kashinje alimkuta amesimama uani, hajui aende wapi, redio inaimba ndani.

"Dada, ingia," Kashinje alisema. "Huko kwenye mitungi kuna matope."

Nyanzala aliona aibu. Halafu akaingia.

Walikuwa wamekaa ndani hivyo, jua bado lipo, wanapembua maharage, mara Lucia akaingia mbio na simu.

"Mama! Kuna namba siijui imeandika. Sijaifungua."

Wanawake wote wawili wakaacha kupembua. Lucia akasimama katikati, halafu simu akampa Kashinje, maana Kashinje anasoma haraka. Wivu ukamfinya Nyanzala pale pale. Akauacha ufinye.

"Isome kwa sauti, mdogo wangu," alisema.

Kashinje alimtazama. Hakuwahi kuitwa hivyo na Nyanzala tangu aolewe. Akakohoa, akafungua meseji.

"'Mpendwa mteja,'" alisoma, "'nunua bando leo, upate bando jingine bure.'"

Walitazamana. Aliyeanza kucheka alikuwa Lucia. Kashinje akafuata. Nyanzala alicheka mpaka ungo ukaanguka na maharage yakasambaa chumba kizima.

Masunga alikuwa nje, anapita na ndama wake. Alisimama nyuma ya ukuta, karibu na mitungi, akatega sikio.

"Mnacheka nini huko ndani?" aliuliza.

Hawakumjibu.